Kabla ya Kuvuka Kasumulu

Ujumbe kutoka Mulanje ulikuwa mfupi: njooni, lakini msizidi kumi. Ulitufikia mwishoni mwa Machi 2024, wakati ushirika wetu hapa Mbeya ulikuwa umeshaandikisha watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kwaya ya vijana ilitaka kwenda yote. Akina mama walikuwa wameshachagua wawakilishi wao. Kulikuwa na fundi seremala, muuguzi mstaafu, mwalimu wa shule ya Jumapili, wazee wa kanisa, na mimi niliyepewa kazi ya ukatibu. Baadhi walikuwa wameshalipa shilingi 150,000 za pasipoti, na kwa mtu anayeuza mboga Mwanjelwa hizo si fedha za kuchezea.

Kwenye kikao cha jioni ile kijana mmoja wa kwaya alisimama.

"Shikamoo Baba Mchungaji. Naomba kuuliza. Sisi ndio tunaokwenda kuwasaidia. Inakuwaje wao watupangie idadi?"

"Marahaba, mwanangu," Mchungaji akamjibu. "Nyumba ni yao, chungu ni chao, njaa ni yao. Sasa wewe ulitaka nani apange?"

Kijana akakaa, nasi tukaanza kazi ngumu ya kupunguza majina.

Vijana wanaotaka kwenda misheni nje ya nchi huniuliza wajiandae vipi, na wengi hutarajia niwape orodha ya vitu: chandarua, kadi ya chanjo, Biblia, tochi. Vitu hivyo vina nafasi yake. Lakini maandalizi yaliyotufaa kuliko yote yalikuwa kujizoeza kupokea maagizo ya wenyeji, hata yale yaliyotuuma, na kuyafuata kabla hatujafungasha hata begi moja. Nimeona timu zenye fedha nyingi na mahubiri mazuri zikiwachosha wenyeji kwa sababu hazikujua kuuliza, au ziliuliza na hazikusubiri jibu.

Mulanje ni wilaya ya kusini mwa Malawi, chini ya mlima mkubwa wenye jina hilohilo, ambao kilele chake, Sapitwa, kinafika mita 3,002. Pana mashamba ya chai kama ya kwetu Rungwe. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga huko. Kilikuwa kimezaliwa mwanzoni mwa Februari karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi tena Msumbiji, kisha kikamwaga mvua kusini mwa Malawi kwa siku kadhaa. Udongo wa milimani uliporomoka usiku juu ya nyumba. Watu zaidi ya 600 walithibitishwa kufa, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa. Mwaka uliofuata, mvua zikakatika katikati ya msimu kwa sababu ya El Niño, na tarehe 23 Machi 2024 Rais Lazarus Chakwera akatangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 za nchi hiyo. Siku chache baadaye ndipo tukapata ule ujumbe wa kutuambia tusizidi kumi.

Aliyetuandikia alikuwa mwinjilisti wa kule, mtu aliyewahi kufanya biashara Dar es Salaam akakijua Kiswahili vizuri. Tulifahamiana naye kupitia Wakristo wa Karonga, ambao kwetu ni kama majirani wa mtaa wa pili. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanaelewana bila mkalimani, wanaoana, wanazikana. Mulanje ni mbali zaidi, mwisho mwingine kabisa wa nchi. Tulikuwa tumemwandikia tukimwomba aketi na viongozi wa makanisa ya pale, ya madhehebu yote, watuambie wanahitaji nini na hawahitaji nini. Lile swali la pili ndilo lililofungua mazungumzo. Mtu mwenye shida huona aibu kukataa msaada. Akiulizwa waziwazi asichohitaji, anapata ruhusa ya kusema.

Wakasema. Nguo za mitumba hawazitaki, zilikuwa zimeletwa marundo baada ya kimbunga. Vipaza sauti tuache nyumbani. Seremala aje, tena aje na vifaa vyake, kwa sababu madawati ya shule ya awali yalikwenda na maji. Vyombo vya kumwagilia bustani za mabondeni vinahitajika, maana mahindi yakikauka mlimani, kule chini penye unyevu mtu anaweza kuotesha mboga na viazi vitamu katika miezi ya baridi. Na jambo la mwisho, ambalo Mwinjilisti alilitamka kwa sauti badala ya kuliandika, tukaisikiliza ile sauti yake mara kadhaa pale kanisani: waje watu wa kukaa na waliofiwa. Alisema malori yamekuja mengi, yameshusha mizigo, yameondoka. Kuna familia zisizopata mwili wa kuzika, nazo hazijui kama matanga yao yamekwisha au hayajaanza.

Nadhani pale ndipo safari yetu ilipogeuka. Hadi siku hiyo tulikuwa tumejiandaa kuhubiri na kugawa. Sasa tulitakiwa kujifunza kukaa.

Hilo la kukaa lilichukua jioni nyingi kuliko jambo lingine lolote. Muuguzi wetu mstaafu, mama aliyekesha na wagonjwa maisha yake yote, ndiye aliyetufundisha. Alitupanga wawili wawili. Mmoja asimulie msiba wake wa kweli, maana nani kati yetu hana, na mwenzake asikilize bila kutoa andiko, bila kusema yeye naye aliwahi kufiwa, bila kusema ni mapenzi ya Mungu. Ilikuwa vigumu mno. Sisi watu wa kanisa tumezoea kumfariji mtu kwa kuongea. Nilimtazama mzee mmoja wa kanisa, mhubiri hodari, akimsikiliza binti aliyempoteza mama yake. Midomo ilikuwa inamcheza, mkono unakwenda kwenye Biblia iliyokuwa mapajani, unarudi. Muuguzi akasogea, akaichukua ile Biblia taratibu akaiweka mezani. "Baba, utampa," akamwambia. "Mwache kwanza amalize." Binti akaendelea. Alizungumza muda mrefu, na mengine aliyoyasema hatukuwahi kuyasikia ingawa tumesali naye miaka yote.

Kesho yake mzee yule aliniambia kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kumsikiliza mtu hadi mwisho. Hakusema kwa majuto. Alisema kama mtu aliyepata kitu.

Kwenye suala la chakula tulijifunza sheria kabla ya ukarimu. Mbeya ni mkoa wa mahindi, na washirika wa vijijini walikuwa wameanza kuahidi magunia. Mmoja wetu anayefanya kazi za forodha akatukumbusha kwamba Malawi ilikuwa imepiga marufuku mahindi yasiyosagwa kutoka Tanzania na Kenya, kwa hofu ya ugonjwa wa mahindi uitwao kwa Kiingereza MLN, ambao huua shamba zima. Unga uliruhusiwa, nafaka haikuruhusiwa. Wako waliosema tusage. Tukapiga hesabu ya kusaga, mifuko, lori, ushuru, kisha tukampigia Mwinjilisti. Akaomba tuuze mahindi yetu hapa na kwenda na fedha, ili wanunue unga kwa wafanyabiashara wa kwao ambao nao walikuwa wanataabika.

Kwa hiyo kukawa na mnada. Wasomaji wa nyanda za juu wanaujua mnada wa baada ya ibada: mtu analeta sadaka ya mazao, mzee wa kanisa anasimama mlangoni anainadi, mnunuzi analipa, na mara nyingi anairudisha inadiwe tena. Jumapili hiyo palikuwa na magunia ya mahindi, viazi, mikungu ya ndizi, na jogoo mmoja mwekundu aliyeuzwa na kurudishwa hadi watoto wakampa jina. Bibi mmoja mjane kutoka upande wa Rungwe alileta maparachichi kwenye kikapu, akayaweka chini ya meza ya mnada badala ya juu yake. Mnadi alipoyaona akayainua akaanza kutaja bei. Bibi akamwita, akamwambia jambo sikioni. Mnadi akatutangazia kwamba bibi anasema haya ni ya Mulanje, asije mtu akayanunua akafikiri ni ya jengo letu. Nililiandika lile kwenye daftari la timu, tarehe na maneno yake, na baadaye nitaeleza kwa nini nashukuru niliyaandika.

Mhazini wetu naye alikuwa na mitihani yake. Bajeti ya kwanza tuliitengeneza mwaka 2023 kwa kwacha, tukijua nauli za ndani, bei ya unga na mbao. Novemba mwaka huo Benki Kuu ya Malawi ikashusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Dola moja iliyokuwa takriban kwacha 1,180 ikawa 1,700. Mtu asiyefikiri sana angesema ni bahati, shilingi yetu sasa inanunua zaidi. Mhazini hakusema hivyo. Alipiga simu sokoni kwao, bidhaa kwa bidhaa, akakuta bei zimepanda mbio. Akaichana ile bajeti, akaanza upya, na akatuwekea utaratibu wa kuulizia bei mwanzoni mwa kila mwezi. Timu inayokwenda nchi ya jirani inahitaji mtu kama huyo kuliko inavyohitaji mhubiri wa pili.

Jioni za Alhamisi Mchungaji alitufundisha historia. Alianza na yetu wenyewe. Wamoravian wa kwanza kutumwa mbali, mwaka 1732, walikuwa Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliotoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Seremala wetu aliketi wima aliposikia hivyo. Tangu siku hiyo alinoa randa zake kwa heshima mpya. Kisha Mchungaji akatueleza kwamba Theodor Meyer na wenzake waliofika Rungwe mwaka 1891 hawakupitia Dar es Salaam. Walikuja kwa mto Zambezi, wakapanda Shire, wakavuka ziwa hadi upande wa kaskazini. Injili ya ushirika wetu ilipita Malawi kwanza ndipo ikatufikia. Wengi wetu hatukujua. Tulidhani tunakwenda ugenini na kitu chetu, kumbe njia ile ilikwisha kukanyagwa kuja kwetu.

Lakini aliyenigusa mimi ni William Koyi. Alikuwa Mxhosa, msomi wa Lovedale huko Afrika Kusini. Mwaka 1876 yeye na Waafrika wenzake watatu walijitolea kwenda kusaidia misheni ya Livingstonia, ambayo Waskoti walikuwa wameianzisha mwaka mmoja kabla pale Cape Maclear, kusini mwa ziwa. Shadrach Mngunana alifariki mwaka uliofuata. Isaac Wauchope aliugua akarudishwa kwao. Koyi akabaki, akatumwa kwa Wangoni wa Mfalme M'mbelwa, na kwa kuwa Wangoni walitoka kusini, wazee wao waliielewa lugha yake. Hebu fikiria: mtu anaijua lugha, anaaminiwa na wazee, ana shule mkononi, na bado anaambiwa hapana. Wangoni waliwazuia wamisionari kufundisha watoto wao kwa miaka. Koyi alikaa. Aliamua ugomvi, alitafsiri, alitembelea, alisubiri. Ruhusa ya kufungua shule ilipatikana mwaka 1886, naye akafariki mwaka huohuo. Vitabu vingi vya misheni vinamtaja kwa mistari michache, na hilo linanisikitisha, kwa sababu sisi Waafrika tunaotumwa kwa Waafrika wenzetu tungepaswa kumjua kuliko tunavyomjua Livingstone.

Kuna somo jingine la historia ambalo Mchungaji alilifupisha. Kuhusu mpaka wa ziwa, alisema, ule mgogoro wenye mizizi kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 na uliowaka upya mwaka 2012 kwa habari ya mafuta, timu haina maoni. Mtu akiuliza, tunasema ni ziwa la Mungu na tunapenda samaki wake. Tukaendelea na lugha.

Lugha tulifundishwa na mama mmoja mfanyabiashara, mzaliwa wa Malawi, anayeleta vitenge Mbeya. Hakutaka tuanze na maneno. Alituanzisha na mwili. Mwanamke akimpa mtu mkubwa kitu, anapiga magoti au anakunja goti. Mtu akipokea, anapokea kwa mikono miwili, au anapiga makofi mepesi kwanza, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito. Wanawake wa Kinyakyusa kati yetu waliingia mara moja, desturi zinafanana. Wasichana wa mjini walipata tabu. Ndipo akatupa salamu: muli bwanji, na jibu lake ndili bwino, kaya inu. Na zikomo, ambayo tulitakiwa kuitumia bila kuihesabu. Alisisitiza kwamba tusikimbilie kuzungumza Kiingereza na vijana waliosoma huku tukiwaacha bibi zao wamekaa kimya pembeni. "Bibi ndiye mwenye nyumba," alisema. "Ukimpita, umepita nyumba."

Kuhusu vipaza sauti, kwaya iliumia kweli. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa kinanda na matarumbeta, na Wamoravian wa Mbeya bila matarumbeta wanajiona wamevaa nusu. Mwalimu wa kwaya hakubishana na wenyeji. Alichagua nyimbo chache za tenzi ambazo tuni zake zinajulikana pande zote mbili za mpaka, akawazoeza waimbaji kuimba wakiwa wamekaa, kwa sauti ya chumbani, na kunyamaza wenyeji wakianza wimbo wao. Nimesikia kwaya yetu ikiimba kwenye makongamano makubwa. Sijaisikia ikiimba vizuri kama ilivyoimba katika mazoezi yale ya chini kwa chini.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kukaa pamoja kijijini Kyela mwisho wa juma. Lengo lilikuwa kulala kwenye mikeka, kupika kwa kuni, kuchota maji, na kuona nani anabadilika akiwa na njaa na joto. Kyela ina joto la kutosha. Jioni ya kwanza ilijitokeza kwamba watu wawili katika ile orodha ya kumi walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya fedha za kikoba. Wote tulikuwa tunajua. Ni aina ya jambo ambalo nyumbani hukwepeka: mmoja anakaa safu ya mbele, mwingine ya nyuma, ibada inakwisha. Kwenye chungu kimoja haikwepeki.

Mchungaji alitukumbusha habari za uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika kwa njia ya timu za watu wa kawaida waliokwenda pamoja, na jinsi watu wale walivyoshikilia kwamba asiyepatana na ndugu yake asisimame kushuhudia. Kisha akatuacha, akaenda kulala. Wale wawili walikaa nje hadi usiku mkubwa. Sijui walisemezana nini, wala haikunihusu. Asubuhi mmoja alikuwa anapuliza moto na mwingine anaosha sufuria, na deni liliandikiwa tarehe ya kulipwa mbele ya mzee wa kanisa. Kama wasingepatana wangebaki wote wawili, Mchungaji alikuwa ameshaamua, nami naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Waliofiwa wana hisia kali. Wangeitambua chuki yetu kabla hatujamaliza kusalimia.

Muuguzi akatumalizia na afya. Malawi ilikuwa imetoka kwenye mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machi 2022, mbaya kuliko wowote katika historia yake, uliowaua watu zaidi ya 1,700. Tulijifunza kuchemsha maji, kunawa kwa maji yanayotiririka, kuchanganya dawa ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha, na kulala ndani ya chandarua hata pale mwenyeji anapotuambia hakuna mbu. Aliyekuwa na ugonjwa wa sukari alipewa barua ya daktari na dawa za kutosha. Hayo hayakutuchukua muda.

Picha zilitugawa zaidi. Vijana walitaka kuonyesha ushirika kazi iliyofanyika, na hoja yao haikuwa mbaya. Waliochanga wana haki ya kujua. Tukawauliza wenyeji. Jibu lilikuja kwamba piga picha za madawati, piga picha za mlima, piga picha za sisi sote tukiimba. Mtu anayepokea unga usimpige. Mtoto usimpige bila mzazi wake kusema ndiyo, na usimtume popote. Mama mmoja wa kule, Mwinjilisti alitueleza, aliwahi kujiona kwenye simu ya mgeni akiwa amesimama kwenye matope yaliyofunika nyumba yake, siku ileile ya msiba. Hakuna aliyeendelea kubishana.

Na waliobaki? Nawataja kwa makusudi, kwa sababu habari za misheni huwasahau. Wale walioondolewa kwenye orodha waliumia, wengine walilia waziwazi, na haikusaidia kuwaambia kwamba nao wametumwa. Ilisaidia kuwapa kazi yenye uzito. Waligawana zamu za maombi kwa saa, jambo ambalo Wamoravian tunalijua tangu Herrnhut mwaka 1727, usiku na mchana kwa muda wote tuliokuwa Malawi. Waliangalia watoto na wagonjwa wa waliosafiri. Yule kijana wa kwaya aliyeuliza swali kwenye kikao alikuwa miongoni mwao. Ndiye aliyeshika simu ya mawasiliano, na kila jioni alipokea taarifa yetu na kuipeleka nyumba kwa nyumba kwa wazee wasio na simu.

Tulivuka mpaka wa Kasumulu alfajiri mwezi wa Juni, tukiwa na barua ya mwaliko mkononi, tukasema kwa afisa uhamiaji kile kilichotupeleka bila kupunguza wala kuongeza. Daraja la Songwe, Karonga, kisha barabara ya kando ya ziwa hadi inapoanza kupanda Chiweta, na baada ya hapo safari ndefu ya kusini.

Sitaeleza yote ya kule. Mengine si yangu kuyaeleza. Niseme la chakula tu. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba unga wa timu utanunuliwa na kukabidhiwa kwa akina mama wa kanisa siku ya kwanza, wapike chungu kimoja kwa wageni na kwa majirani wasio na kitu. Kwa njia hiyo mwenyeji hakunyimwa heshima ya kutukaribisha mezani, na sisi hatukula akiba ya watoto. Ilitubidi kuzungumza kwa simu mara nyingi sana ili tufikie utaratibu huo, maana mwanzoni walikataa kabisa kusikia kwamba mgeni analeta unga. Aliyewashawishi ni Mwinjilisti, kwa ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akasema hawa wameomba jembe lao siku ya kwanza, wapeni. Na kweli tulipewa. Asubuhi tulikuwa mabondeni tukimwagilia, seremala na vijana wa pale wakitengeneza madawati, na mchana, jua likiwa kali, tuliingia nyumbani kwa watu wawili wawili, tukakaa.

Tuliporudi mhazini alisoma hesabu mbele ya ushirika mzima, risiti kwa risiti. Kulikuwa na fedha zilizobaki, kwa sababu mbao zilipatikana kwa bei nafuu kuliko tulivyokadiria. Ndipo mjadala ukaanza, na hadi ninapoandika haujafungwa. Baadhi ya wazee wanasema fedha zimerudi nyumbani, basi ziingie kwenye paa la ukumbi wetu linalovuja. Nawaelewa, nimekaa chini ya paa hilo wakati wa mvua. Mimi napinga. Fedha zile zilitolewa kwa jina la Mulanje, na daftari la timu lina maneno ya bibi wa maparachichi, na tarehe yake. Nimewaomba wazee, kabla hawajaamua, wampigie Mwinjilisti simu wawaulize wenyeji msimu unaokuja wanahitaji nini, na nini hawahitaji. Mzee yule mhubiri hodari ameniunga mkono. Mwenyekiti wa baraza amesema atapiga simu hiyo mwenyewe wiki hii.